Je, wajua kwa nini molekuli ileile inaweza kupitisha gesi leo na kuizuia kesho?

Jibu limo katika ngazi za mpangilio wake. Mfano mzuri ni CC3, kizimba cha kikaboni (molekuli yenye umbo la kizimba kilicho wazi ndani) kutoka familia iliyotangazwa mwaka 2009 na kundi la mwanakemia Andrew Cooper wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza. Molekuli 4 za triformilibenzeni (aldehidi) huungana na 6 za diaminosikloheksani (diamini) kwa vifungo 12 vya imini, yaani vya kaboni na nitrojeni, na molekuli 12 za maji hutoka. Gramu 1 ya aldehidi huhitaji takriban gramu 1.06 za diamini, na mavuno ya kizimba hayawezi kuzidi gramu 1.72. Kinachozaliwa ni kizimba chenye uwazi katikati na madirisha 4.

Uwazi huo peke yake hausafirishi gesi. Lazima vizimba vikae dirisha kwa dirisha ndani ya fuwele, ndipo uwazi wao uungane kuwa mifereji. Katika CC3, pete 6 za sikloheksani zilizo ubavuni huzuia mikao mingine mingi, na ndiyo sababu inatabirika sana. Ndugu yake CC1, iliyotengenezwa kwa ethilinidiamini isiyo na pete hizo, ina fuwele inayofyonza nitrojeni na nyingine isiyofyonza. Kizimba ni kilekile. Kubadili kiyeyushi tu kunatosha kuigeuza fuwele kutoka hali moja kwenda nyingine.

Katika kutengeneza CC3, wengi huharibu kazi kwa haraka. Mmumunyo wa diamini humiminwa polepole juu ya ule wa aldehidi katika kiyeyushi cha dikloromethani, pamoja na asidi kidogo sana ya kuchochea, kisha huachwa siku kadhaa bila kukorogwa. Vifungo vya imini hufunguka na kujifunga tena, hivyo makosa hujirekebisha yakipewa muda. Ukiharakisha, unapata utando wa polima usioyeyuka. Asidi ikizidi penye maji, kizimba chenyewe huvunjika.

Ukaushaji nao una lake: ukiwa wa ghafla, mpangilio wa fuwele hupotea. Ajabu ni kwamba CC3 isiyo na mpangilio inaweza kuwa na eneo kubwa zaidi la uso, maana vizimba vilivyokaa ovyo huacha mianya kati yao.

Kwa hiyo usitegemee NMR ya mmumunyo (kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli) peke yake. Itathibitisha kuwa kizimba ni kizima, lakini mara sampuli inapoyeyuka, fuwele haipo tena. Mpangilio husomwa kwa kupitisha eksirei kwenye unga wa fuwele, na mifereji hupimwa kwa kuangalia nitrojeni inayofyonzwa kwenye −196 °C.