Mguu wa Kulia wa Mpiga Kinanda cha Sinema

Ninapompokea mwanafunzi mpya, hata kama amepiga kinanda kanisani kwa miaka mingi, simkalishi kwanza kwenye meza ya kupigia. Namwingiza katika chumba cha mabomba, nyuma ya ukuta wa ukumbi, nawasha feni ya upepo, kisha namwomba asikilize tu jinsi mivukuto inavyojaa. Asiyeujua upepo huo hatakifahamu kinanda hiki kamwe.

Kinanda cha mabomba cha majumba ya sinema kilitokana kwa sehemu kubwa na fikra za Robert Hope-Jones, Mwingereza aliyekuwa mhandisi wa simu kabla ya kuhamia Marekani. Mpigaji anapobonyeza, umeme huamsha sumaku ndogo, sumaku hiyo huachia hewa iliyomo katika kimvukuto cha ngozi, kimvukuto kinanywea, vali inafunguka na bomba linalia. Kwa kuwa kinachounganisha kidole na bomba ni waya, safu moja ya mabomba huweza kuitwa kutoka kibodi yoyote na kwa vimo mbalimbali, ikawa besi hapa na sauti ya juu kule. Ndiyo maana safu chache ziliweza kushika nafasi ya okestra nzima chini ya filamu zisizo na sauti. Kampuni ya Wurlitzer, iliyochukua shughuli za Hope-Jones mwaka 1910, ilijenga zaidi ya vinanda 2,200. Filamu zenye sauti zilipoanza kutawala baada ya 1927, wapigaji walipoteza kazi, na vinanda vingi vikauzwa, vikavunjwa au vikaachwa na vumbi.

Adui mkubwa wa vile vilivyosalia ni umri wa ngozi. Hudumu miongo kadhaa, kisha hukauka na kupasuka, na noti moja baada ya nyingine hunyamaza. Vimvukuto ni mamia kwa mamia, na kila kimoja hufunguliwa, husafishwa na kuvishwa ngozi mpya kwa mkono. Nasisitiza tutumie gundi ya moto itokanayo na ngozi ya mnyama, ijapokuwa gundi za kisasa hukauka upesi, kwa sababu gundi hiyo ya moto hulainika kwa maji na joto, na fundi atakayekuja baada yetu ataweza kubandua kazi yetu bila kuharibu mbao. Katika jambo hili sikubali mjadala.

Hata hivyo, kinanda kilichokarabatiwa vizuri na kukosa mpigaji ni fanicha. Kanisani miguu yote miwili hucheza besi; hapa mguu wa kushoto hubeba karibu besi yote, na wa kulia hukaa kwenye pedali inayofungua na kufunga luva kubwa za mbao, yaani vibao vinavyopitisha au kuzuia sauti, mbele ya mabomba. Bomba haliwezi kulia kwa nguvu zaidi kwa kubonyezwa kwa nguvu, kwa hiyo pumzi yote ya wimbo, kukua kwake na kufifia kwake, imo katika mguu huo. Nyendo zake haziandikwi kwenye karatasi za muziki. Hufundishwa kwa kukaa kando ya anayejua, na kwa kusikiliza rekodi za watu kama Reginald Dixon, aliyepiga katika Tower Ballroom, ukumbi wa dansi mjini Blackpool, Uingereza, kuanzia 1930 hadi 1970.

Vinanda vya kielektroniki vinasaidia sana kwa mazoezi ya nyumbani, nami huvipendekeza. Lakini havimwonyeshi mwanafunzi jinsi upepo halisi unavyotikisika pale kitetemeshi, kifaa cha kuitetemesha sauti, kinapowashwa.

Zoezi langu la kwanza ni gumu kuliko linavyoonekana: wimbo mmoja wa taratibu, safu moja ya Tibia, yaani mabomba mapana ya mbao yenye sauti ya filimbi, bila kuhamia safu nyingine hata mara moja. Baadaye naweka filamu mbele yake, naye huanza kufunga luva polepole kabla mwigizaji hajageuza uso.