Kufika fainali ya Kombe la FA si tiketi ya Afrika

Kila msimu, Kombe la Shirikisho la TFF (shirikisho la soka Tanzania), ambalo wengi tunaliita Kombe la FA, likifika nusu fainali, simu zinaanza. Viongozi wa klabu na mameneja wa timu ninaowasaidia kwenye mambo ya kanuni wananipigia, na wengi wao hata hawaulizi, wananijulisha: "Yanga ameshachukua ligi, kwa hiyo tukikutana naye fainali, hata akitufunga, Afrika tunakwenda." Yaani wanaamini nafasi ya bingwa ya kucheza mashindano ya klabu za Afrika inamwangukia aliyefungwa fainali.

Hamwendi. Nimeshalisema mpaka sauti imekauka, na bado naona kocha anapumzisha kikosi cha kwanza kwenye mechi ya ligi ili awe na miguu mibichi ya nusu fainali. Pointi tatu zimeachwa uwanjani kwa ajili ya kanuni ambayo haipo.

Najua imani hii ilikotoka: Namungo. Mwaka 2020 Simba ilikuwa bingwa wa ligi, ikaifunga Namungo 2-1 kwenye fainali ya FA pale Sumbawanga, na Namungo ndiyo iliyokwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaitoa Al Rabita ya Sudan Kusini, ikaitoa Al Hilal Obeid ya Sudan, ikaivuka Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, ikaingia makundi. Safari nzuri kama ile haisahauliki, na watu wakaigeuza kanuni ya kudumu. Lakini msimu ule Tanzania ilikuwa na nafasi mbili tu, moja ya Ligi ya Mabingwa Afrika na moja ya Kombe la Shirikisho Afrika. Yanga iliyomaliza ya pili kwenye ligi ilibaki nyumbani.

Tangu tulipopata tena nafasi nne, mambo yamekwenda hivi: bingwa na mshindi wa pili wa ligi wanacheza Ligi ya Mabingwa, bingwa wa FA na wa tatu wa ligi wanacheza Shirikisho Afrika. Bingwa wa FA akiwa tayari ana tiketi ya Ligi ya Mabingwa, nafasi yake inashuka kwenye msimamo wa ligi, inamfuata wa nne. Aliyefungwa fainali hayumo kwenye hesabu hiyo.

Anayebisha aitazame Coastal Union. Fainali ya 2022 pale Sheikh Amri Abeid, Arusha, Abdul Suleiman "Sopu" aliifunga Yanga mabao matatu peke yake, dakika 120 zikaisha 3-3, Yanga ikashinda kwa penalti. Yanga ilikuwa bingwa wa ligi. Je, Coastal ilikwenda Afrika? Zilikwenda Azam na Geita Gold, ya tatu na ya nne. Miaka miwili baadaye Coastal hiyohiyo ilikwenda, na fainali ya FA ya msimu huo, 2024, walicheza Yanga na Azam. Coastal ilikuwa imemaliza ligi ikiwa ya nne. Sidhani kama kuna ushahidi ulio wazi zaidi ya huu.

"Mbona Singida Black Stars ilifungwa na Yanga 2-0 fainali ya 2025 na ikaenda?" Ilimaliza ya nne kwenye ligi! Ingetolewa hata raundi ya kwanza ya FA, ingekwenda vilevile. Ndiyo maana kila klabu ya kati ninayoishauri naiambia ihesabu pointi za nafasi ya nne kila wiki. Kombe lipiganieni kwa nguvu zote, ila likusudiwe kubebwa, si kufika fainali tu.

Mengine niyapitie haraka. Nafasi nne si mali yetu ya milele. CAF, shirikisho la soka Afrika, inawapa nchi 12 za juu, kwa pointi za miaka mitano, na mwaka wa karibuni unazidishwa mara tano. Msimu wa 2019/20 tulikuwa nazo, uliofuata hatukuwa nazo. Hata timu inayoburuza mkia kwenye kundi la Shirikisho inaiingizia nchi nusu pointi, kwa hiyo shabiki anayemwombea mtani wake atolewe mapema anapunguza nafasi ya timu yake mwenyewe.

Bao la ugenini halina kazi kwenye FA, kwa sababu ni mechi moja, na sare inamalizwa kwa penalti. Kule CAF ndiko linakouma: fainali ya Shirikisho ya 2023 Yanga ilifungwa 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, jumla ikawa 2-2, na kombe likaenda kwa USM Alger kwa mabao ya ugenini.

Na kufuzu si kusafiri. Mwaka 2021 Biashara United ya Musoma iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam, kisha haikufika Libya kwenye marudiano, ikaondolewa. Klabu iliyo katika nne bora mwezi wa nne haitakiwi kusubiri ligi iishe. Ianze sasa kukagua pasi za kusafiria za wachezaji, leseni ya klabu na bajeti ya ndege, mchezaji mmoja mmoja, karatasi moja moja.