Mapezi kwa inchi: namba ya rejeta inayoamua kama kompyuta yako ya maji itakaa kimya

Wakuu, mtu akishaamua kompyuta yake ipozwe kwa maji na anataka ukimya, swali lake la kwanza huwa feni gani ni nzuri. Siyo swali baya ila limewahi. Kabla ya feni kuna namba moja kwenye rejeta, kile kifaa kinachotoa joto la maji kwenda hewani, ambayo ndiyo inaamua feni itafanya kazi nyepesi au itateseka, nayo ni mapezi kwa inchi. Mapezi ni vile vibati vyembamba vilivyokunjwakunjwa katikati ya mirija ya rejeta: maji ya moto yanapita kwenye mirija, joto linahamia kwenye vibati, upepo wa feni unapenya katikati ya vibati na kuondoka na joto. Ukichukua rula ukaiweka kando ya mrija mmoja, ukahesabu vibati vilivyomo ndani ya inchi moja, yaani sentimita 2.54, hiyo ndiyo namba yenyewe. Rejeta ya mapezi 8 mpaka 12 ni ya wazi, ya 16 hivi iko katikati, ikianza 20 kwenda 30 hiyo imebanana.

Mtu atasema si bora yakiwa mengi, maana vibati vingi ni eneo kubwa la kutoa joto. Kweli kabisa, ila upepo ukipita tu. Yeyote aliyewahi kulala Mtwara mwezi wa kwanza anajua feni ya mezani ikikaa nje ya chandarua unaiona inazunguka vizuri na inalalamika vizuri, ila upepo unaokufikia ni nusu nusu, na matundu ya chandarua yakiwa madogo zaidi ndio unazidi kukosa hewa. Rejeta iliyobanana inaifanyia feni hivyohivyo. Dawa yake ni kuongeza spidi, na ukiongeza spidi ule ukimya uliokuwa unautafuta umeshauaga.

Sasa kwenye boksi la feni utakuta namba mbili zinazosifiwa sana. Moja ni wingi wa upepo, ya pili ni presha, na presha hii inapimwa kwa milimita za maji. Kitu ambacho wauzaji hawakusimulii ni kwamba wingi wa upepo umepimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote mbele yake, na presha imepimwa njia ikiwa imezibwa kabisa upepo haupiti. Yaani ni namba za ncha mbili, wakati feni yako ikishafungwa kwenye rejeta itaishi mahali fulani katikati. Halafu zote mbili zimepimwa kwenye spidi ya juu kabisa. Chukua mfano NF-A12x25 ya Noctua, wale wa Austria, ni feni ya milimita 120 inayosifika mno kwenye rejeta: presha yake ni milimita 2.34 za maji ikiwa mizunguko 2000 kwa dakika. Lakini nani anataka kuisikia ikiwa 2000? Wewe unataka 1000 au chini, na hapa ndipo hesabu inauma, kwa sababu ukipunguza spidi nusu wingi wa upepo unapungua nusu ila presha inashuka mpaka robo. Kwa hiyo ile 2.34 inakuwa kama 0.58, na ukiishusha mpaka 700 unabaki na 0.29 hivi. Feni ya presha kubwa kwenye boksi inakuwa feni ya kawaida tu ikienda taratibu. Ndiyo maana mimi nasema anayetaka ukimya asinunue rejeta iliyobanana halafu akategemea feni ya bei mbaya ije kumuokoa, anunue rejeta ya wazi ambayo hata feni dhaifu inaipenya.

Tukija kwenye kelele yenyewe, kuna kanuni mbili ukizishika hutadanganywa na mtu. Ya kwanza, feni ileile ukiipunguzia spidi nusu, kelele inashuka karibu desibeli 15. Ya pili, ukiongeza feni nyingine inayofanana na ya kwanza, kelele inapanda desibeli 3 tu, na zikiwa nne jumla imepanda 6. Zijumlishe hizo: feni nne kwa nusu spidi zina kelele pungufu kwa desibeli 9 hivi kuliko feni moja inayokimbia mwisho wa uwezo wake, na bado zinasukuma upepo mara mbili yake. Sikio la binadamu likisikia desibeli 10 zimepungua linahesabu kama sauti imekatwa nusu, kwa hiyo hiyo siyo tofauti ya kubishania. Kwa maneno mengine feni nyingi zinazokwenda taratibu ndio mpango, na feni nyingi zinataka rejeta kubwa ya kuzibeba.

Ukubwa wa rejeta unatajwa kwa feni zinazoingia, 240 ni feni mbili za 120, 360 ni tatu, 280 ni mbili za 140, 420 ni tatu za 140. Watu wanaidharau sana 280 wakidhani iko karibu na 240, piga hesabu ya eneo uone: 240 ina milimita za mraba 28,800, 280 ina 39,200 na 360 ina 43,200. Yaani 280 inaifikia 360 kwa asilimia 90 na ushee, na feni ni mbili badala ya tatu. Kama kesi yako, yaani boksi la kompyuta, inaingiza 140 usijiulize mara mbili. Unene nao una siasa zake, zipo za milimita 30 hivi, zipo 45, zipo 60 na zaidi, ila kwa feni ya taratibu unene haukusaidii sana kwa sababu upepo ukifika nusu ya safari umeshapata moto na hauna nafasi ya kubeba joto jingine. Hela ya unene ipeleke kwenye urefu.

Sasa tuje nyumbani, maana video nyingi za mambo haya zinatoka nchi ambazo chumba kina nyuzi 21. Rejeta siyo friji. Haiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba hata ufunge feni ishirini, kinachowezekana ni kupunguza tofauti kati ya maji na chumba. Ukisikia mtu anajisifu maji yake yana nyuzi 31, muulize chumba kina ngapi. Huku kwetu kuanzia Novemba mpaka Machi chumba cha Shangani au Chikongola hapa Mtwara mchana kinakaa 31, 32 bila wasiwasi, basi hayo maji ya 31 ya kwake kwako ni joto la ukuta tu. Pima tofauti, usipime namba tupu. Tofauti ya nyuzi 10 ni mfumo mzuri sana, 15 bado unaishi vizuri tu.

Tuseme una kistudio chako, unarekodi sauti na unahariri video za harusi, prosesa ni Ryzen 5 5600 ambayo ikikazana inavuta wati 76 hivi, kadi ya picha ni RTX 3060 ya wati 170. Jumla tuite 250. Wafungaji wengi wanakadiria kila eneo la feni moja ya 120 linatoa wati 100 kwa tofauti ya nyuzi 10 feni ikiwa spidi ya kati, mimi kwa ukimya nakata mpaka 65. Rejeta ya 360 hapo inatoa kama 195, hazitoshi kwa tofauti ya 10, kwa hiyo maji yatapanda mpaka tofauti ifike karibu 13 ndio mambo yatulie. Chumba 31, maji 44. Inatisha? Hapana, pampu za D5, aina inayotumika sana kusukuma haya maji, zinaruhusiwa mpaka 60. Ila kama unatumia mabomba magumu ya plastiki ya PETG kumbuka yanaanza kulainika yakisogelea 60 hiyohiyo, kwa hiyo huku pwani usijibane sana, ongeza 240 nyingine ulale. Na usisahau wati 250 hizo hazijapotea, zimeingia chumbani, ukiwa umefunga madirisha na kuzima pangaboi ili maiki isinase kelele, baada ya saa moja chumba chenyewe kimepanda na maji yanakifuata. Wenye uwezo wanapitisha mipira ukutani na kuweka rejeta kubwa chumba cha pili, ile MO-RA3 ya Watercool ya Ujerumani kwa mfano inabeba feni tisa, na kwa studio ya Mtwara sioni kama ni anasa.

Kitu kingine kinachoharibu ukimya ni feni kufuata joto la prosesa. Prosesa inaruka nyuzi 20 ukifungua tu kivinjari, basi feni nazo zinapanda na kushuka kama zina wazimu, na hiyo inakera kuliko mvumo wa siku nzima. Maji yenyewe ni mazito kubadilika: lita moja kwa wati 200 inachukua kama sekunde 20 kupanda nyuzi moja tu. Funga kihisio cha joto ndani ya maji, ziambie feni zifuate hicho, na usikopi mipangilio ya kwenye video inayoamsha feni maji yakifika 30 kwa sababu kwako zitakuwa macho kuanzia asubuhi. Anzia 36 hivi, spidi ipande pole pole mpaka 45. Mtu wa Newala kule juu kwenye uwanda anaweza kushusha kidogo, ana bahati yake.

Feni zenyewe sitaki kurefusha. Unene milimita 25 siyo zile nyembamba za 15, panga zake ziwe pana na karibu na fremu, waya wa pini nne, na hakikisha inaweza kushuka mpaka 500 au 600 bila kusimama. Hata Arctic P12 ya bei ya chini inatosha kabisa kwa rejeta ya wazi. Ukiweza zipange zivute hewa ya nje ya kesi kuingiza ndani, rejeta ipate hewa ya chumba na siyo hewa iliyokwisha kupashwa na kadi ya picha.

Kuna hili la vumbi pia, rejeta iliyobanana ndiyo inajaa haraka, na huku hewa ya chumvi na unyevu inalifanya vumbi linate, halipulizwi likatoka kirahisi. Wanaokaa karibu na mikorosho wakati wa kupuliza salfa wafunge madirisha upande huo, salfa na shaba hazipatani. Na kuna wanaouliza kama rejeta ya gari inafaa: zamani wenzetu waliojiundia walitumia kile kirejeta kidogo cha hita ya gari, kitu ambacho Mtwara sijui nani amewahi kukiwasha, na kilifanya kazi. Shida ni kwamba rejeta nyingi za magari ya siku hizi ni alumini, wakati bloku za prosesa, vile vipande vinavyokaa juu ya prosesa maji yakipita ndani yake, ni shaba, na alumini na shaba kwenye maji yaleyale alumini inaliwa. Tafuta rejeta ya shaba.

Ukiagiza Kariakoo ije kwa basi, muulize muuzaji mapezi kwa inchi na unene, asipojua akupigie picha ya karibu rula ikiwa juu ya mapezi. Ikifika isuuze kwanza, rejeta mpya zinakuja na mabaki ya kuchomelea ndani, tikisa na maji safi yaliyochemshwa kisha malizia na yale maji ya betri ya kuongezea, siyo tindikali, soma chupa kabla hujamimina, rudia mpaka yatoke meupe ndipo uunge mipira.