Kadi ya 3D: kila mtu huuliza inasimamaje, mimi huuliza inalalaje

Mfungulie mtu kadi ya 3D, jahazi lenye tanga liinuke mbele ya macho yake, na swali la kwanza litakuwa: hii imesimamaje? Mimi hujibu kwa kuifunga. Kadi ya namna hii hukaa imefungwa karibu maisha yake yote, ndani ya bahasha, kwenye droo, au katikati ya kurasa za Msahafu au Biblia. Kinachosimama kwa dakika mbili lazima kwanza kiweze kulala bapa, kisijikunje wala kuchungulia nje ya ukingo. Dhana nyingi potofu kuhusu kadi hizi huanzia hapo, kwa kusahau huko kulala, na zimewakatisha tamaa watu wenye mikono mizuri kabisa. Hilo linaniuma, ndiyo maana naandika.

“Karatasi ikiwa nene, kadi inakuwa imara”

Jalada linaweza kuwa nene, sawa. Lakini kile kinachoinuka ndani hulala kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo unene wake hujirudia mara mbili, na ukipanga vipande vitatu, kimoja nyuma ya kingine, unajirudia mara sita. Kadi inaanza kupanua mdomo, haifungi. Karatasi ya fotokopi ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba, hiyo ni laini mno na itainama. Manila ya gramu 160 hadi 200 inatosha kwa vipande vya ndani, na jalada likifika 250 halihitaji zaidi.

Uimara unatoka kwingine. Karatasi ya kiwandani ina nyuzinyuzi, na nyingi zimelala kufuata upande mmoja, ule ambao karatasi ilikuwa ikikimbilia kwenye mashine. Ukikunja kwa kuzifuata, mkunjo unakuwa safi. Ukikunja kwa kuzikatiza, manila inapasuka mgongoni na kutoa ufumwele. Kuujua upande huo hakuhitaji kifaa: pinda karatasi taratibu bila kuiponda, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzinyuzi, na mkunjo mkuu wa kadi uwe huko.

Kisha usikunje kwa vidole peke yake. Weka rula, chukua kalamu iliyoisha wino, pitisha kwa kukandamiza mpaka uone kamfereji. Upande wa pili patatokea kituta chembamba. Wengi hukunja kuelekea kwenye mfereji kwa sababu ndivyo mkono unavyotaka. Kunja kinyume chake, kituta kikae ndani ya mkunjo na mfereji ubaki nje. Karatasi haivutiki sana mgongoni, na haipasuki.

“Bila mashine ya kukatia huwezi”

Mashine za leza zinakata vizuri na kurudia kadi mia bila kuchoka. Mtu anayetaka kadi tano za familia anahitaji rula ya chuma, mkasi, wembe mkali na kipande cha boksi la kukatia juu yake. Mashine haikupangii vipimo.

“Ni kukadiria tu kwa macho”

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo kadi nyingi zinapofia.

Chukua A4, ikunje katikati iwe A5. Kila upande sasa una kina cha milimita 148 kutoka kwenye mkunjo. Kata mikato miwili sambamba yenye urefu sawa kuanzia kwenye mkunjo kuingia ndani, weka alama ya kukunja pale mikato inapoishia, kisha sukuma kile kipande kiingie ndani. Ukifungua kadi kiasi cha digrii 90 unapata kijisanduku kama ngazi moja. Ukikata milimita 50, ukifunga kadi ukingo wa kijisanduku unafika milimita 100 kutoka kwenye mkunjo, kwa sababu kinapolala kinasafiri mara mbili ya urefu wa mkato. Mkato wa milimita 80 utafika 160, na kadi yako itatoa ulimi nje ya bahasha. Kwa hiyo mkato usifike nusu ya kina, yaani 74. Mimi huishia 65. Kwa hesabu hiyo moja unaweza kujenga ngazi, baraza, hata mlango wa Mji Mkongwe wenye fremu yake, kwa karatasi moja tu isiyo na tone la gundi.

Jahazi ni habari nyingine, kwani linasimama kadi ikiwa imefunguka yote. Mbavu mbili za chombo zinaungana kwenye omo, yaani ncha yake ya mbele, na omo linakaa juu ya mkunjo wa katikati likimtazama msomaji, huku kila ubavu ukiwa na mguu wake wa kubandikia, yaani ukingo wa chini uliokunjwa ili upakwe gundi, mmoja kushoto, mmoja kulia. Pembe za miguu hiyo kwa mkunjo lazima zilingane. Zikitofautiana, chombo kinalala upande kama kilichokula mwamba. Na omo likitoka nje ya mkunjo kwa milimita mbili tu, karatasi inajikunja vibaya kila unapofunga. Niliwahi kuharibu kadi ya harusi ya binamu yangu hivyo hivyo, usiku wa kuamkia sherehe, na ilinibidi nianze upya.

Dawa niliyoijua baadaye ni hii: pima mguu wa kwanza tu, ubandike, halafu laza chombo kizima juu ya upande huo. Paka gundi mguu wa pili ukiwa unaangalia juu, kisha funga kadi na ukandamize. Kadi inajichagulia yenyewe mahali pa mguu wa pili. Kwa kuwa imegandia ikiwa imefungwa, italala vivyo hivyo siku zote. Tanga linafuata nyuma ya chombo kwa njia ile ile.

“Hayo ni mambo ya watoto”

Mnamo 1540, huko Ujerumani, mwanahisabati Peter Apian alichapa kitabu chenye visahani vya karatasi vinavyozunguka, kwa ajili ya kukokotoa mahali zilipo sayari. Alimtunukia mfalme mkuu Charles V kitabu hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa msanifu majengo wa Tokyo, Masahiro Chatani, aliyeanza kujenga majengo kwa karatasi moja iliyokatwa na kukunjwa, kama ule mlango niliousema. Watoto wanaipenda kazi hii, na wafundishwe, lakini hawakuwa wao walioianzisha.

“Gundi nyingi na mapambo mengi ndiyo upendo”

Gundi nyeupe ina maji, na maji yanavimbisha nyuzinyuzi. Paka nyembamba kwa ncha ya kijiti, kwenye mguu na si kwenye ukurasa. Supagluu iache, inanywewa na karatasi na kuacha doa gumu. Shanga nazo huzuia kadi kufunga, na zinaongeza gharama ya stempu: Uingereza, kwa mfano, barua ya kawaida isizidi unene wa milimita 5, ikizidi inahesabiwa kuwa barua kubwa. Ukitaka rangi, kata karatasi ya rangi.

“Maneno yanaandikwa mwisho”

Yaandike kwanza, kabla ya kubandika chochote. Chombo kikishasimama, mkono hauna pa kulala, kalamu inagonga tanga, na unaishia kubana salamu pembeni. Mimi huyaweka mbele ya omo, pale ilipo bahari, mistari mitatu au minne ya wino wa buluu, halafu nasubiri ikauke ndipo nichukue gundi.