Fuso, Kitonga na milioni 85 za Russell Wilson

Kila Machi nikikaa na kompyuta usiku kusubiri saa tano, mke wangu huuliza nani anacheza. Hachezi mtu. Ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, inakuwa imeshafunga msimu tangu Februari. Ninachosubiri ni saa kumi jioni ya New York, saa tano usiku kwetu Dar, pale mwaka mpya wa ligi unapofunguliwa na timu zote 32 zinatakiwa ziwe zimeingia chini ya kikomo cha mishahara. Mimi ni mhasibu, nimefunga vitabu vya kampuni za malori miaka mingi, na nakiri usiku huo naupenda kuliko fainali.

Kikomo chenyewe ni rahisi kueleza. Wachezaji wana mkataba wa pamoja na ligi unaowapa fungu la mapato, na kutoka kwenye fungu hilo ndipo kinapigwa kiasi kimoja kwa kila timu, ambacho hesabu ya wachezaji wake kwa mwaka haitakiwi kukipita. Kilipoanza mwaka 1994 kilikuwa dola milioni 34.6. Mwaka 2024 kilifika milioni 255.4, mwaka 2025 milioni 279.2. Janga la korona lilikishusha hadi milioni 182.5 mwaka 2021, na timu zilizokuwa zimeshasogeza gharama zao mbele zilihema kweli mwaka ule.

Sisi tuliokulia kwenye usajili wa Simba na Yanga, swali letu la kwanza ni tajiri katoa ngapi. Kule swali hilo halikufikishi mbali. Denver Broncos walinunuliwa mwaka 2022 kwa dola bilioni 4.65 na watu wa ukoo wa Walton, wale wa maduka ya Walmart. Hela si tatizo lao. Lakini kwenye kikomo wako sawasawa na timu yenye tajiri wa kawaida, kama kuna tajiri wa kawaida. Swali la maana ni: hiyo hela imeandikwa mwaka gani?

Hapo ndipo naleta Fuso. Bosi wangu wa zamani akinunua Fuso kwa milioni 100 taslimu, hela imetoka leo yote. Vitabuni siiandiki yote leo. Naigawa kwa miaka mitano, milioni 20 za uchakavu kila mwaka. Sasa tuseme mwisho wa mwaka wa pili Fuso linapinduka mlima Kitonga. Mkono wa bima tuuache pembeni. Kuna milioni 60 ambazo hazijaandikwa bado, na haziwezi kuendelea kukaa mgongoni mwa lori ambalo halipo. Zinashuka vitabuni kwa mkupuo.

Bonasi ya kusaini mkataba kwenye NFL ni Fuso. Mchezaji anaipokea mapema, mara nyingi ndani ya miezi michache, lakini kwenye kikomo inagawanywa kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano. Mshahara wa kawaida haugawanywi, unaandikwa mwaka unaolipwa. Na mchezaji akiachwa, kila kipande cha bonasi ambacho hakijaandikwa kinaidondokea timu. Wenyewe wanaiita pesa mfu. Unailipia nafasi mtu ambaye hayupo kambini.

Sasa mtazame Russell Wilson, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza ushambuliaji. Broncos walimchukua kutoka timu ya Seattle mwaka 2022, na kabla hajawachezea mechi hata moja ya ligi wakamwongezea mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya takribani dola milioni 242. Ndani yake kulikuwa na milioni 50 za kusaini: milioni 10 kwa mwaka, kuanzia 2022. Mwaka 2023 wakamlipa bonasi nyingine ya milioni 20, nayo ikagawanywa milioni 4 kwa mwaka. Uwanjani alianza mechi 30, akashinda 11.

Mechi mbili za mwisho za msimu wa 2023 akakalishwa benchi. Kocha Sean Payton alisema timu inahitaji cheche mpya kwenye ushambuliaji. Sawa. Mimi nilikuwa naangalia kifungu kingine kabisa: milioni 37 za mshahara wa 2025 zilikuwa zinakuwa haki yake moja kwa moja siku ya tano ya mwaka wa ligi wa 2024, na kama angeumia vibaya kabla ya hapo zingekuwa haki yake vilevile. Mchezaji aliyekaa benchi havunjiki goti.

Machi 2024 wakamwacha. Hesabu inakaa kwenye kipande cha karatasi. Bonasi ya kwanza, miaka miwili imeshaandikwa, imebaki 30. Ya pili, mwaka mmoja umeandikwa, imebaki 16. Ongeza milioni 39 za mwaka 2024 ambazo alishahakikishiwa, aje asije. Jumla 85. Rekodi ya pesa mfu kwa mchezaji mmoja ilikuwa milioni 40.5, za Matt Ryan pale Atlanta mwaka 2022. Wilson aliivunja zaidi ya mara mbili.

Hakuna timu inayoweza kumeza 85 kwenye kikomo cha 255 ikabaki na wachezaji. Kwa hiyo wakatumia mlango wa Juni mosi. Mchezaji akiachwa baada ya tarehe hiyo, mwaka huu unabeba kipande chake tu na kilichobaki kinasogezwa mwaka unaofuata. Ligi inaruhusu timu kuwaacha wachezaji wawili mwezi Machi na kuwahesabu kana kwamba wameachwa baada ya Juni mosi. Kwa Wilson ikawa hivi: 10 na 4 za mwaka 2024, jumlisha 39, ni 53. Zilizobaki, 32, zikaenda 2025. Bado mwaka 2024 Broncos waliingia uwanjani wakiwa na zaidi kidogo ya moja ya tano ya kikomo chao imeliwa na mtu aliyevaa jezi ya Pittsburgh, timu aliyohamia.

Na Pittsburgh walimlipa ngapi? Milioni 1.21, kiwango cha chini kabisa kwa mkongwe kama yeye. Watu walicheka kwamba kaporomoka. Hakuporomoka. Mkataba wa Denver ulisema chochote atakacholipwa kwingine kinakatwa kwenye zile 39. Pittsburgh wangempa milioni 10, yeye asingeongeza hata senti, ila Denver wangepunguziwa hundi. Kwa nini Pittsburgh wawasaidie?

Kuna mbinu nyingine nahitaji kuigusa kwa sababu ndiyo inayojaza habari za kila Machi: "timu fulani imetengeneza nafasi ya milioni 16." Hawajapata hela wala hawajamshusha mtu mshahara. Wamechukua mshahara wa milioni 21, tuseme, wakaacha moja, wakaigeuza 20 kuwa bonasi na kuigawa kwa miaka mitano. Mwaka huu inaandikwa 1 na 4, yaani 5, badala ya 21. Mchezaji anafurahi, hela yake inakuja mapema. Ile 16 imekwenda kumsubiri mhasibu mbele ya safari.

Na mkataba ukiwa umebakiza mwaka mmoja tu, unagawa kwa miaka gani? Unaongeza miaka ambayo kila mtu mezani anajua mchezaji hatacheza. Tanzania tuliwahi kuwa na wafanyakazi hewa, basi hii ni miaka hewa. Tom Brady alipostaafu Tampa Bay mwanzoni mwa 2023, miaka hewa yake ilidondosha milioni 35.1 kwenye kikomo cha mwaka ule. Sidhani kama kuna mtu pale alilalamika sana, kwa kuwa alishawapa ubingwa. Lori likikupeleka safari zote ulizotaka, uchakavu haukuumi.

Nikiulizwa, Denver walikosea wapi, siwezi kusema ni kumwacha. Hapo walihesabu vizuri kabisa. Kosa lilikuwa kusaini kabla lori halijapanda hata kilima kimoja, wakati mkataba wake wa zamani ulikuwa bado na miaka miwili. Kilichowaokoa ni mfumo wa vijana wapya: tangu mkataba wa pamoja wa 2011, mchezaji anayechaguliwa kutoka chuoni analipwa kwa jedwali, hakuna mabishano makubwa. Bo Nix, kwotabeki waliyemchagua wa 12 mwaka 2024, mkataba wake wote wa miaka minne haukufika milioni 20. Naye akawapeleka kwenye mtoano, mara ya kwanza tangu walipochukua ubingwa wa msimu wa 2015.

Msimu wa 2025 Wilson alikuwa amehamia Giants wa New York. Kwenye jedwali langu, upande wa Denver, mstari wake ulikuwa bado upo: 32.