Ulaya haina reli moja: dhana potofu za safari ya treni, na ukweli wake

Mpango wa safari ya treni Ulaya ukinifikia kwenye WhatsApp huwa hivi: Paris, London, Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, Venice, Rome, Barcelona. Siku kumi na mbili. Chini yake swali: "Pasi ya treni inauzwa wapi?"

Swali la pasi, ile tiketi moja ya kupanda treni nyingi, ni la mwisho. La kwanza ni ile picha iliyozaa mpango wenyewe, kwamba Ulaya ni reli moja yenye dirisha moja la tiketi na utaratibu mmoja. Ufaransa ina SNCF, Ujerumani ina Deutsche Bahn, Austria ina ÖBB, Italia ina Trenitalia na mshindani wake Italo. Kila shirika lina nauli zake na namna yake ya kuuza siti. Hata mpaka si mmoja, na hapo ndipo msafiri wa kwetu huumia mapema kuliko wote.

"Nikishapata viza ya Schengen, Ulaya yote ni yangu"

Schengen ni kundi la nchi za Ulaya zinazokubali viza moja, na London haimo. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Uingereza pia, na ada yake ni nyingine. Mtego wenyewe lakini uko kwenye mpangilio wa miji. Ukianza Paris, ukavuka kwenda London kwa treni ya Eurostar, kisha ukarudi Amsterdam, umeingia Schengen mara mbili. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, safari inakufia stesheni ya St Pancras, kwa sababu maafisa wa mpaka wa Ufaransa wanakagua pasipoti palepale London kabla hujapanda. London iwekwe mwanzo au mwisho wa safari, au iachwe.

Bendera ya Umoja wa Ulaya nayo isikudanganye. Ireland ni mwanachama na inatumia yuro, lakini haimo Schengen. Uswisi si mwanachama, ina sarafu yake, lakini imo.

Halafu kuna hii ya kuomba viza kwenye ubalozi "usiosumbua". Ombi linapelekwa kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Usiku ukilingana, ni nchi utakayoingia kwanza. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi.

"Tiketi za mapema ndizo za bei nafuu, nunua zote leo"

Nusu ya hili ni kweli. Nauli za treni za mwendo kasi hupanda kadiri siti zinavyokwisha, na anayenunua miezi mitatu kabla mara nyingi hulipa chini sana kuliko anayenunua asubuhi ya safari. Tatizo ni kwamba tiketi ya bei ya chini kabisa kwa kawaida hairudishiwi pesa, na wewe bado hujapewa viza. Mjerumani hana habari na tatizo hili, ndiyo maana ushauri mwingi wa mtandaoni haulitaji kabisa.

Ombi la viza linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Lipeleke mapema kadiri miadi inavyopatikana. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ingawa unaweza kufika 45. Wakati unasubiri, weka hoteli unazoweza kufuta bila gharama, andika mpango wa miji na tarehe, na tiketi za treni ziache. Viza ikitoka miezi miwili kabla, nauli nzuri bado zipo. Na treni za kawaida za mikoani, zile zinazosimama kila mji mdogo, kwa kawaida nauli yake haipandi hata ukinunua dakika kumi kabla.

"Pasi moja inafungua treni zote"

Pasi zenyewe ni mbili. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, Eurail ni ya wanaotoka nje. Kinachoangaliwa ni makazi, kwa hiyo mjomba anayeishi Hamburg ananunua Interrail hata kama pasipoti yake ni ya Kenya, na mpwa wake kutoka Mombasa ananunua Eurail. Wakishanunua wanapanda treni zilezile.

Ujerumani, Austria, Uswisi na Uholanzi, mwenye pasi huingia treni nyingi za mchana na kukaa tu. Ufaransa, Italia na Hispania mambo hubadilika: treni zao za mwendo kasi, TGV, Frecciarossa na AVE, zinadai siti iliyolipiwa kando, mara nyingi yuro 10 hadi 20. Eurostar ya London hudai zaidi, na siti zilizotengwa kwa wenye pasi huisha hata kama treni haijajaa. Sisemi pasi haina maana. Familia yenye watoto inafaidi sana, maana kila mtu mzima huruhusiwa kuwa na watoto wawili wa chini ya miaka 12 bure. Ila piga hesabu ya tiketi mojamoja kwanza.

"Munich hadi Vienna ni saa nne tu"

Saa nne ni za kukaa kwenye siti. Tazama siku yenyewe: unafungasha asubuhi, unarudisha ufunguo saa tano, unatafuta jukwaa, unapanda saa sita na nusu. Unashuka Vienna saa kumi na nusu, unaburuta begi hadi hoteli, unaoga, unatafuta chakula. Kama ni Desemba, jua limeshazama kabla hujafika. Siku imekwisha, na Vienna uliyoiona ni ya dirishani.

Miji tisa ni safari nane za namna hiyo ndani ya siku kumi na mbili. Mimi ningekata hadi minne: Vienna usiku tatu, treni ya usiku hadi Venice, Venice usiku mbili, Florence mbili, Rome tatu. Venice hadi Florence ni saa mbili na kidogo, Florence hadi Rome ni saa moja na nusu. Ndege ingia Vienna, utokee Rome, ili usipoteze siku nzima kurudi ulikoanzia. Viza hapo inaombwa Italia, yenye usiku saba, ingawa utaingilia Austria. Na pasi huihitaji: safari za treni ni tatu tu, wakati pasi ndogo kabisa ya Eurail ya nchi zote ni ya siku nne za kupanda treni.

"Treni ya usiku inaokoa pesa za hoteli"

Inategemea umelipia nini. Aliyewahi kupanda TAZARA anajua tofauti ya kukaa na kulala, na Nightjet, treni za usiku za ÖBB ya Austria, zina mgawanyo huohuo: siti, vitanda vya pamoja, na vyumba vya kulala. Siti ni rahisi, lakini asubuhi yake hutaifurahia. Vitanda huisha mapema, na chumba cha watu wawili kinaweza kupita bei ya hoteli. Tena unafika asubuhi wakati chumba chako kinafunguliwa mchana, kwa hiyo uliza kama hoteli itakuhifadhia begi. Kwa Venice, shuka Santa Lucia, ambako ukitoka mlangoni unakutana na maji. Mestre ni stesheni ya bara, ingawa jina lake nalo linaanza na Venezia.

"Fika saa mbili kabla, kama SGR"

Ujerumani au Austria hakuna anayekagua begi lako, na dakika ishirini zinatosha. Eurostar ya London ni tofauti, ina ukaguzi wa pasipoti na mizigo. Hispania mabegi hupitishwa kwenye mashine kabla ya treni za mwendo kasi. Ufaransa milango ya TGV hufungwa dakika mbili kabla ya kuondoka, na hawakufungulii. Angalia pia namba ya behewa, si treni tu: baadhi ya treni hukatwa njiani, nusu moja ikaelekea mji mwingine. Na tiketi ya karatasi ya treni za mikoani za Italia igongwe kwenye kimashine cha jukwaani kabla ya kupanda, la sivyo ni faini.

"Wajerumani hawachelewi"

Mwaka 2024, treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na "kwa wakati" kwao ni kuchelewa chini ya dakika sita. Kwa hiyo kuunganisha treni kwa dakika nane pale Frankfurt ni kamari. Jiachie saa nzima, au nunua safari yote kama tiketi moja, maana hapo treni ya pili ikikuacha shirika linawajibika kukufikisha. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hazikupi ulinzi huo. Treni ikichelewa dakika 60, sheria ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida inakupa robo ya nauli. Ikifika dakika 120, nusu. Fomu ni ya kujaza mwenyewe, hawakuletei.

"Kila mji mkubwa umeunganishwa kwa treni"

Madrid na Lisbon ni miji mikuu ya majirani, na treni ya usiku iliyoiunganisha ilisimama Machi 2020. Tangu hapo, anayeng'ang'ania reli hubadilisha treni njiani na kumaliza karibu siku nzima. Hapo panda ndege.