Goti la Ledley King

Kila mwezi sikosi kijana anayekuja kliniki goti limevimba kama embe dodo halafu ananiambia "doktari, mbona Ledley King, yule beki wa zamani wa Tottenham ya England, alicheza hivyohivyo?" Mimi sio daktari jamani, ni mtu wa fiziotherapia tu, ila hii stori ngoja niielezee vizuri maana watu wanaichukua nusunusu.

King alizaliwa 1980 kule Bow, mashariki mwa London, utotoni akapitia Senrab, katimu ka mtaani kalikomtoa na John Terry. Tottenham ndo timu yake pekee, kaanza Mei 1999 dhidi ya Liverpool, kaja kustaafu Julai 2012, mechi 323. Wakati beki wao Sol Campbell anahamia Arsenal 2001, watu wa Spurs (ndo haohao Tottenham) wanalia, kitasa kipya, beki wa kati, tayari walikuwa nacho ndani.

Sasa goti. Pale mifupa inapokutana kuna gegedu, laini na linateleza, ndo linalofanya mfupa usisagane na mwenzake, na ubaya wake likiisha haliotelei tena kama kidonda cha ngozi. La King liliisha. Akicheza jumamosi goti linajaa maji, inabidi wiki nzima ndo lishuke, kwa hiyo hakuna tizi na wenzake, ni gym na bwawa la kuogelea tu, halafu wikiendi anaingia uwanjani kukaba mastraika ambao wamefanya mazoezi wiki nzima. Na bado anawaweka mfukoni!

Siri ni kwamba alikuwa hakimbii ovyo. Anasoma mchezo, anasimama pale pasi itakapopita, kuteleza chini kuutoa mpira kwake ilikuwa mara mojamoja. Ndo maana ile ya Novemba 2006 na Chelsea nimeirudia mpaka basi: Robben, winga wa Chelsea, kashachomoka peke yake anaelekea golini, King anatoka nyuma kabisa, anakula ile gepu hatua kwa hatua, hapapatiki, anasubiri Robben ausogeze mpira kidogo mbele ya mguu, hapo ndo anashuka na kuutoa, mpira tu, penalti hamna. Spurs wakashinda 2-1. Februari 2008 wakawafunga tena haohao 2-1 fainali ya Kombe la Ligi, kepteni ni yeye.

Lakini bei yake muione pia. England kaichezea mara 21 tu, kwa kipaji kile! Kombe la Dunia 2010 mechi ya kwanza na Marekani akatoka mapumziko, kinena. Na kastaafu ana miaka 31, umri ambao sentahafu wengi ndo kwanza wanakomaa. Angekuwa mgonjwa wangu nisingemruhusu, nasema ukweli, na yeye alikuwa na klabu nzima inayomhudumia, huyu wangu anatoka kwangu anapanda bodaboda anaenda kucheza ndondo kwenye uwanja wa mashimo.

Wa juzi nikamuuliza kama anajua kuogelea. Hajui. Tukaanzia hapo.